Bolti ya Upande wa Kulia

Gari ilishuka bila kelele. Hicho ndicho kinachoniogopesha mpaka leo, kwamba haikutoa hata onyo. Nilikuwa chini yake, chali, nyundo mkono wa kulia, mkono wa kushoto umeshikilia springi ya nyuma. Chuma kikateleza, chesisi ikakalia vidole vyangu. Niliviona viko pale, lakini havikuwa vyangu tena. Puani nilikuwa na harufu ya rangi mpya.

Muuza chapati wa jirani ndiye aliyekimbia na jeki akaniinulia. Vitatu havikurudi.

Watu wa hapa Tororo, upande wa Uganda, wanasema ulikuwa uzembe wangu. Basi wasikilize. Mimi nimeishia darasa la tano, lakini gari nimezilalia chini tangu sijaoa.

Gari yenyewe ni ndogo, ya zamani, taa zake duara, ya enzi za baba zetu. Mwenyewe ni mfanyabiashara wa mchele wa Busia ya upande wetu. Aliinunua ng'ambo, Busia ya upande wa Kenya, kwa fundi mwenye gereji nyuma ya soko la mitumba. Fundi huyo alimwambia ameishaifufua yote, zimebaki raba za springi tu. Mwenye gari akaniletea mimi nizibadilishe, kwa sababu aliitaka iwe ya kubeba maharusi.

Kila springi ya nyuma inashikwa na bolti mbili, moja mbele, moja nyuma. Hizo ndizo zinabeba mwili wa gari. Ya nyuma, upande wa kushoto, ilikuwa imekamata kwa kutu. Bolti ya namna hiyo haitaki ubabe. Unainywesha dizeli, unaiacha ilale. Asubuhi unaikaza kidogo kwanza, ndiyo unafungua. Ikikataa, unaipasha moto, unaigonga polepole huku unasikiliza.

Mwenye gari akanikuta nasikiliza.

"Fundi, unabembeleza bolti kama bibi harusi!"

"Bosi, huyu ukimlazimisha atakatikia ndani."

"Basi mwoe tuondoke!"

Tukacheka. Nikamwambia nataka magogo chini ya chesisi kabla sijaanza nyundo. Kicheko kikamwisha.

"Wee! Rangi bado mbichi hapo, utanichubulia. Weka chini ya ekseli."

Nikaweka chini ya ekseli, ule mhimili wa magurudumu. Maana yake ni kwamba mwili wote wa gari ulikuwa umening'inia kwenye zile bolti.

Sasa, sisi mafundi wa hapa mpakani tuna desturi. Ukikata bolti na kipande kikakushinda kutoa, unafunga kitambaa chekundu pale pale. Ni aibu, ndiyo, wenzako watakucheka. Lakini anayekuja nyuma yako hataamini kitu ambacho hakipo. Nilipoingia chini nilitafuta kitambaa. Hakuna. Bolti ya mbele ilikuwa na kichwa kizuri, cheusi, kinang'aa. Nikaiamini.

Kichwa kile kilikuwa kimebandikwa kwa gundi. Bolti ilikatikia mikononi mwa yule fundi wa Busia, akaacha nusu ndani, akabandika kichwa, akapaka rangi juu. Nilipogonga ya nyuma, ya mbele ikaachia, na kile kichwa nikabaki nacho.

Gari ikapelekwa gereji nyingine, wakatia bolti mpya upande wa kushoto. Kulia hakuna aliyegusa. Na kulia kuna kichwa kama kile, rangi ileile. Siku ile sikukifikia. Sijui kama ni kizima, na huko kutojua ndiko kunaninyima usingizi.

Nilimpigia mwenye gari. "Bosi, igonge ya kulia, mara moja tu."

"Wewe una uchungu wa vidole. Gari inakimbia vizuri, niache."

Nikavuka mpaka, nikamkuta yule fundi anakunywa chai. Nikamwekea kile kichwa mezani, karibu na kikombe.

"Bolti zinafanana, ndugu yangu," akasema.

"Na ya kulia?"

Akajimiminia chai nyingine.

Kila Jumamosi gari inapita mbele ya kibanda changu na utepe mweupe, inaelekea harusini Rubongi. Bibi harusi nyuma, upande wa kulia, na watoto wa maua wamebanana naye. Ikifika kwenye tuta nafumba macho mpaka nisikie imevuka. Watoto hunipungia mkono. Mimi nawapungia huu uliobaki.

Wewe fundi wa Busia, pole yako siitaki. Ni wewe peke yako unayejua. Ya kulia ni nzima, au uliibandika nayo? Na wewe mwenye gari, uliyeionea huruma rangi: Jumamosi hii, kabla ya kufunga utepe, shika nyundo, lala chini, uigonge mwenyewe. Halafu mnijibu, nyote wawili, kabla watoto wa watu hawajapanda.