Nilivyowachagulia Wakwe Shampeni

Jamani, nikikumbuka bado masikio yanawaka moto! Jumapili nilikuwa Ruiru kwa wazazi wa Wanja, mchumba wangu. Ni watu waliookoka kabisa, na asubuhi hiyo nilikuwa nimeshuhudia kanisani kwao kwamba sijawahi kuonja pombe. Baada ya chakula, mama yake akaleta chupa mbili za shampeni kutoka Thika.

"Kamau, tuchagulie nzuri ya harusi."

Nikajifanya fundi. Nikazungusha glasi, nikanusa, nikafumba macho, nikameza. Nilishtuka!

"Mum, mmeuziwa feki! Hii haina pombe hata kidogo!"

Wanja akajifunika uso. Baba yake akaweka glasi mezani polepole.

"Tuliitisha isiyo na pombe," akasema. "Lakini wewe, hiyo ladha umeijulia wapi?"