Neli Iliyojaa kwa Usiku Mmoja

Ukimkuta shemeji yangu sokoni bila koti lake jeupe, unaweza kumpita kama humjui. Ni fundi wa maabara katika shule ya sekondari. Mimi nauza daftari na kalamu kwenye duka la shule hiyo hiyo, na nakaa kwake, maana mkewe ni dada yangu. Nimemtania miaka yote kwamba akifa tutazika koti, yeye atafuata akipata nafasi.

Wanafunzi humwita Kibiriti, kwa sababu ya jaribio analoonyesha kila Siku ya Wazazi. Huweka mwani kwenye chombo cha maji ya bahari, na gugu la bwawani kwenye chombo kingine badala ya msitu, maana mti hauwezi kukaa mezani. Kila mmea huufunika kwa faneli, na juu ya faneli husimamisha neli ya kioo iliyojaa maji. Jua likipiga, mmea hula hewa ya ukaa iliyomo majini na kutoa vipovu vya oksijeni, navyo hupanda nelini na kuyasukuma maji chini. Kisha huwasha kijiti, hukizima kibaki na kaa jekundu, hukiingiza nelini, na kijiti huwaka upya, pwaa!

"Hiyo ndiyo pumzi yenu," huwaambia wazazi. "Nusu hutoka nchi kavu, nusu baharini. Kateni misitu, chafueni bahari, halafu muone ukaa wenu utapokelewa na nani."

Watu hupiga makofi, naye hukohoa kidogo kama bwana harusi.

Mara ya kwanza kabisa alilifanya jaribio hilo nyumbani, dirishani, kumfurahisha kitinda mimba wake alipokuwa mdogo. Mtoto alipiga kelele hadi majirani wakachungulia. Mwaka huu mtoto huyo amekuwa binti wa sekondari, akasema jaribio la Siku ya Wazazi ni lake. Akapanga vyombo dirishani pale pale.

"Baba, usiguse hata kimoja."

"Haya mama, mikono yangu hii hapa, nimeifunga nyuma."

Gesi ilipanda kwa mwendo wa kinyonga. Binti alijaribu kijiti: kaa liling'aa kidogo, likafa. Akabadilisha maji, akahamisha meza kufuata jua. Kaa liling'aa, likafa. Nilimkuta amekaa sakafuni, macho mekundu.

"Mama mdogo, mimi nina mkosi gani? Kwa baba linawaka kila mwaka."

Babake alikuwa mlangoni, alisikia kila neno. Alisema tu, "Ongeza mwanga, mwanangu," akaenda kunawa mikono isiyokuwa na uchafu.

Aibu ya maiti aijuaye mwosha. Siku ya kuamkia sherehe niliingia stoo ya maabara kutafuta chaki, nikamfuma anamimina dawa ya kuoshea vidonda juu ya unga mweusi. Ilichemka kama sufuria ya uji, na oksijeni yake ikajaa nelini kabla sijamaliza kusalimia. Alishtuka kama mwizi wa kuku.

"Shemeji, funga mlango."

Nikafunga. Akaniambia yote bila kuniangalia. Mwaka mmoja mawingu yalikaa wiki nzima na mgeni wa heshima alikuwa njiani, akaijaza neli kwa njia hii. Kijiti kiliwaka kuliko siku zote, na makofi nayo vilevile. Tangu hapo hakuweza tena kurudi kwenye kaa dogo.

"Na huyu mtoto anayejiona mjinga?"

"Kesho nitambadilishia neli. Hataaibika mbele za watu."

"Mwambie ukweli."

"Nianzie wapi, shemeji?"

Nilichukua chaki zangu nikatoka, na hadi leo najilaumu kwamba sikumwambia mtoto mimi mwenyewe.

Ukumbi ulijaa. Binti akaingiza kijiti, mwali ukaruka juu hata waliokaa mbele wakarudi nyuma. Makofi yakavuma. Yeye hakucheka. Aliigeuza neli taratibu, akaitazama pande zote.

"Hii si yangu," alisema. "Yangu niliifunga uzi mwekundu pale gesi ilipofika jana, na haikufika nusu."

Watu wakageuka kutazamana.

"Misitu na bahari hutoa oksijeni nyingi," aliendelea, "lakini karibu yote hutumika humo humo, kwa kupumua na kuoza. Hii tunayovuta ni kile kidogo kilichobaki, kikajikusanya miaka isiyohesabika. Neli ya kweli haijai kwa usiku mmoja."

Hakumtaja mtu. Hakukuwa na haja, maana macho yote yalikuwa kwenye koti jeupe. Shemeji alitamani ardhi ipasuke immeze. Alilivua koti, akalikunja, akatoka nalo kwapani. Baadaye nilimkuta njiani nikampita kweli. Sikumjua mpaka aliponiita.

Nyumbani binti alikuwa anaosha vyombo vyake. Aliuliza bila kugeuka:

"Na lile la kwanza? La dirishani, nilipokuwa mdogo?"

"Lile lilikuwa la kweli, mama. Naapa."

"Sawa, baba."

Afadhali angemtukana. Ile "sawa" ni ile unayomwambia muuza nyanya anayeapa kwamba za chini ni nzuri kama za juu.

Kesho yake shemeji alitafuta mwani mpya, akaupanga dirishani, akafunga chumba na kunikabidhi ufunguo. "Kaa nao. Hata nikikuomba, usinipe." Mtu mzima, ndani ya nyumba yake mwenyewe, anaogopa mikono yake. Jua likawaka siku baada ya siku, gesi ikapanda kwa mwendo wake ule wa kinyonga, na ilipotosha nikafungua, naye akamwita mwanawe.

Shemeji aliingiza kijiti. Kaa likavimba, likawa jekundu la kuiva, na kimwali kidogo kikasimama, kikanywea tena.

"Umeona?" alisema. "Ndivyo lilivyokuwa. Hivi hivi."

Binti alikitazama kijiti, kisha mlango.

"Ufunguo alikuwa nao nani?"

"Mama mdogo wako," alijibu babake, akiangalia sakafu.

Lakini mtoto alikuwa ameshanigeukia mimi, niliyenyamaza stoo, anasubiri nijibu.