Ngao Niliyojigawia

Kuna Jumapili moja, hapa Likasi, mzee mmoja aliurudisha mkono wake nyuma kabla hajalijua jina langu.

Nilikuwa nimesema maneno matatu tu. "Jambo yenu, baba."

Basi. Maneno hayo matatu yakaniumbua.

Naitwa Ghislain. Natengeneza simu soko la Kikula. Kioo kimepasuka, chaji haiingii, leta, nitaona la kufanya. Kazi si mbaya, ila heshima yangu haikuwa kibandani. Ilikuwa ndani ya simu yangu mwenyewe.

Kuna mchezo wa mtandaoni, jina lake naliacha. Mnaingia watu wanane, mnapigana na majitu, mkishinda mnagawana nyara: mapanga, kofia za chuma, ngao. Mimi nilikuwa mkuu wa kikosi chetu. Tulikuwa watu wa Likasi, Kolwezi na Lubumbashi, na wengi wetu hatukuwahi kuonana.

Mimi ndiye niliyeongea kwenye micro, kipaza sauti cha simu, tangu mwanzo hadi mwisho. "Rudi nyuma! Ngoja! Sasa piga!"

Waliniita chef, yaani mkuu. Sokoni hakuna aliyeniita chef.

Mchezo wenyewe unampa mkuu uwezo wa kugawa nyara. Ili tusigombane, tulikubaliana kitu adimu kiende kwa zamu. Sheria hiyo niliiandika mimi, kwa mkono wangu.

Kati yetu alikuwepo mmoja aliyejiita Lufira. Huyo hakuwahi kufungua micro hata siku moja. Alikuwa anaandika tu, kwa kifupi. "Oui chef." "Niko tayari."

Lakini jamani, Lufira alikuwa anasimama mbele! Kazi yake ilikuwa kupokea mapigo ili sisi wengine tubaki wazima. Tukikimbia, yeye anabaki.

Kati ya majitu hayo kulikuwa na joka la chuma, likatutoa jasho wiki tano. Jumamosi moja mchana likaanguka. Watu walipiga kelele mpaka spika ya simu ikakwaruza.

Ikadondoka ngao ya shaba. Kikosi kizima kilikuwa kinaiota.

Zamu ilikuwa ya Lufira. Na ngao ni kitu cha mtu wa mbele. Hapakuwa na la kujadili.

Kidole changu kikaenda kwenye jina langu.

Nikajigawia.

Sitawadanganya kwamba kiliteleza. Nilitaka watu wanione nayo. Hakuna sababu nyingine.

"Chef, ngao imeenda wapi?" Aliyeuliza ni Franck, wa Kolwezi.

"Imeingia kwangu, sijue namna gani, Franck. Ni bug. Mchezo ilifanya yenyewe."

"Basi murudishie Lufira yake."

"Haiwezekane. Ikishaingia kwa muntu, haitoke tena. Lufira, andikia service client. Benye mchezo banaweza kukupatia ingine."

Kwamba haitoki, hilo lilikuwa kweli. Mengine yote uongo.

Lufira akaandika: "Merci chef. Nitabaandikia."

Akanishukuru, unaona?

Siku nne baadaye akabandika jibu la wenye mchezo kwenye kundi letu. Kifaransa cha ofisini, kimenyooka: kumbukumbu zetu zinaonyesha ngao ilitolewa kwa uamuzi wa mkuu wa kikosi, hivyo hatuwezi kuingilia, merci de votre compréhension.

Nikaona "Franck anaandika", ikapotea, ikarudi tena.

Mtu mwenye akili angeomba msamaha palepale. Mimi nikafungua micro.

"Ile barua ni ya uongo," nikasema. "Ameitengeneza yeye. Bandugu, huyu Lufira tunamujua? Hata sauti yake hatuijue! Anatumia programme ya wizi, njo maana hakufake, hata joka imupige namna gani. Tumuripoti."

Waliizoea sauti yangu. Ya kwake hawakuwahi kuisikia. Watu watano wakabonyeza.

Franck alikataa, akatoka kikosini bila kuaga.

Baada ya siku mbili akaunti ya Lufira ikafungwa kwa kosa la udanganyifu. Siku ile nilikula vizuri, nikalala vizuri. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Sasa, nje ya simu nilikuwa na maisha yangu. Nilikuwa na Clémentine.

Clémentine ni karani wa parokia. Tulikuwa na miezi minane pamoja. Sikuwahi kumwambia kama nacheza. Niliona aibu, mwanaume mzima na majoka ya simu.

Kwao sikuwa nimefika. Nilijua tu kwamba mama yake alishafariki, na baba yake, mzee Symphorien, alikuwa mfanyakazi wa kiwanda mpaka akastaafu, kisha akapasuliwa koo kule Lubumbashi na sauti ikaisha kabisa.

"Baba haongeake," aliniambia. "Lakini anasikia muzuri sana. Usipige makelele sawa vile bengine, haiko kiziwi."

Basi Jumapili ikapangwa, baada ya misa, niende kujitambulisha. Nikamchukua shangazi yangu, tantine Mathilde, ili nisikose mtu wa kuniongelea.

Mzee alikuwa amesimama mlangoni, shati jeupe, mkono ameunyoosha, anatabasamu.

"Jambo yenu, baba."

Mkono ukarudi.

Akanitazama. Akafanya ishara kwa vidole: ongea tena.

"Minye ni Ghislain, baba. Nafurahi kubaona."

Akafumba macho, kama mtu anayesikiliza redio iliyo mbali. Kisha akatoa daftari dogo mfukoni, lile analoandikia watu, akaandika polepole. Akanionyesha mimi peke yangu.

"Chef. Ni minye Lufira."

Nikayasoma mara mbili.

Mwaka mzima mzee yule alikuwa ameniweka masikioni mwake. Hakuwahi kuiona sura yangu, lakini sauti yangu aliijua kuliko jirani yake.

"Anasema nini?" tantine Mathilde akauliza.

"Ananikaribisha," nikajibu.

Nilidanganya tena. Mlangoni kwake, mbele ya macho yake, na yeye anasikia kila neno.

Mzee akaichana karatasi, akaikunja, akaitia mfukoni. Akatuonyesha viti.

Tulikula bukari, ugali wetu wa huku, samaki na mboga ya lengalenga. Yeye mwenyewe ndiye aliyenipakulia. Nilikula nimeinamia sahani. Clémentine alikuwa anacheka na tantine, anafurahi, anadhani ni woga wa ukweni.

Wakati wa kuaga akaniandikia tena.

"Minye sitasema. Utasema weye."

Siku tatu zilipita. Nilikuwa nafungua simu za watu na kuzifunga vilevile, bila kutengeneza chochote. Siku ya nne, saa sita mchana, nikaenda parokiani, nikamkuta Clémentine peke yake kwenye meza yake. Nikasema yote. Joka, ngao, barua, hata ile "ananikaribisha".

Aliweka kalamu chini.

"Zile barua za kwenda ku service client," akasema mwishowe, "unazani ni nani alikuwa anaandika?"

Nikaitazama ile kalamu mezani pake.

"Ni minye. Baba anaandika mu Swahili, minye natia mu Français. Na ile ya kufunga akaunti yake, ni minye nilimusomea. Akaniuliza 'tricheur' maana yake nini. Nikamwambia ni mwizi wa mu mchezo."

"Clémentine, nisamehe..."

"Ngoja. Baba alitumika ku usine miaka makumi tatu na moya. Kila mangaribi banamupekua ku mulango, mifuko, viatu, yote. Hata kipande ya waya hawakumukuta nayo siku moya. Na sasa, mu uzee wake, barua inamwita mwizi. Alikaa inje mpaka jua ikashuka. Hakukula."

Akafuta macho kwa kiganja.

"Unajua juu ya nini alipenda ule mchezo? Kule hakuna muntu anamwangalia ku shingo. Kule alikuwa muntu sawa bengine."

Niliondoka pale sioni njia.

Jioni ile niliwaita wote wa kikosi, nikamwomba na Franck aingie. Nikafungua micro, nikaeleza. Wawili walinitukana, mmoja akacheka, wengine wakatoka tu. Franck aliuliza swali moja: "Na mzee, ye anasemaje?" Nikamwambia sijui.

Nikawaandikia service client. Jibu la kwanza lilikuwa la mashine: asante kwa ujumbe wako. La pili vilevile. Niliandika mara sita kabla mtu mwenye jina hajanijibu. Aliyesaini ni Danielle. Aliuliza kama naelewa kwamba kukiri ripoti ya uongo kutafunga akaunti yangu.

Nikajibu ndiyo.

Akaunti ya mzee ikafunguliwa. Yangu ikafungwa, na ngao ikapotea nayo. Sheria yao haimrudishii yeyote kitu kilichotoweka hivyo. Kwa hiyo hata leo hajaipata. Anacheza bila hiyo, kwenye kikosi cha Franck.

Mzee Symphorien alinisamehe. Nilikwenda kwake peke yangu, nikapiga magoti, akaniinua, akaandika: "Imekwisha, mwanangu." Nikalia kama mtoto.

Nikadhani mambo yote yamekwisha.

Clémentine alinisindikiza hadi barabarani. Nikamuuliza, na sisi je?

"Baba anaweza kukusamehe, ye njo uliibia," akasema. "Lakini minye nilikuona ku meza yetu, unakula na chakula ya mukono yake, na huku unajua. Minye ile siwezi."

Akarudi ndani. Ni mwezi wa saba sasa tangu siku ile. Tukikutana misani tunasalimiana, kwa heshima, kama watu wa parokia moja.

Nyinyi mnaocheza, mnaogombana na majina ya bandia na kuripotiana kwa hasira, jueni kuna mahali mtu anamsomea baba yake barua ile. Na ukipewa kazi ya kugawa, gawa mbele za watu, na jina lako liwe la mwisho.

Mimi nililiweka la kwanza.