Kikombe cha Orpha

Orpha anasuka nywele Hillbrow, Johannesburg, kwenye kiti cha plastiki karibu na roboti, kama tunavyoziita hapa taa za barabarani, na anasuka huku akiimba. Ni Mtwa, wa jamii ya watu wa msituni, kutoka Kalehe, Kivu. Wimbo wake, "Nipe na Mimi", umo kwenye simu za Wakongo wote ninaowajua hapa. Tunaucheza mpaka viatu vinatuvuka. Lakini chakula kikiandaliwa, Orpha hupewa kikombe cha karatasi, na akimaliza kunywa kinatupwa, maana kwetu wapo waliolelewa kuamini kwamba mtu hanywi baada ya Mtwa. Wimbo wenyewe unasema habari hiyohiyo. Wanaoucheza sana ndio wanaomletea kikombe cha karatasi.

Mzee Ezéchiel, mwenyekiti wa chama chetu cha kusaidiana, alikuwa anamwoza binti yake Carmel. Carmel akasema haingii ukumbini bila Orpha kuimba. Basi mzee akaenda kuomba.

"Sitaki malipo," Orpha alimwambia, vidole bado vimo nyweleni mwa mteja. "Utakunywa kikombe kimoja na mimi, mbele ya watu. Mwenyekiti akinywa, nani tena atanitenga?"

"Hilo tu? Sharp, nimekubali," mzee akajibu, upesi mno.

Siku ikafika. Saa nane mchana, bibi harusi yuko mlangoni, wageni wamesimama. Mimi napiga gitaa la besi, kwa hiyo nilikuwa nyuma ya spika, mahali ninapopapenda. Orpha akanywa kidogo kutoka kwenye kikombe cha bati chenye maji ya tangawizi, akampa mzee. Mzee akaingiza mkono ndani ya koti, akatoa mrija.

"Maagizo ya daktari," alisema.

Orpha akazima maikrofoni.

"Papa!" Carmel alipiga kelele kutoka mlangoni. "Viatu vinanibana!"

Mama Hélène, mke wa mzee, akainuka na kitenge chake kipya, akakinyakua kikombe, akanywa.

"Sasa na mimi nimekunywa baada yake. Baba Carmel, nyumbani utaninunulia vikombe vya karatasi?"

"Mama Carmel, watu wanatutazama."

"Si ndiyo harusi?"

Mzee alikiangalia kikombe kama dawa ya minyoo. Akafumba macho, akanywa. Akafumbua jicho moja. Akanywa tena, safari hii bila haraka.

"Eish, nibakizie, baba," Orpha alisema. "Na mimi nina kiu."

Akakipokea, akatoa leso, akaufuta ukingo taratibu, huku ukumbi mzima ukimtazama.

"Samahani, baba. Maagizo ya daktari."

Nilicheka mpaka nikakosea mwanzo wa wimbo. Carmel aliingia hivyohivyo, akichechemea na kucheza.

Chakula kilipoletwa, msichana mmoja akaja na kikombe cha karatasi. Mzee Ezéchiel alimwahi njiani, akakichukua, akautia mrija wake ndani, akavitupa vyote pamoja.