Risasi ya Tano

Mlinzi wa mlangoni katika hoteli moja ya Al Garhoud, huko Uarabuni, hupiga pasi mikono ya shati mpaka mikunjo isimame, na hufungulia wageni mlango kwa mkono wa kushoto, wa kulia ukiwa kifuani. Hana maneno mengi. Lakini jioni za Januari, runinga ya ukumbini ikionyesha baiathlon, mbio za kuteleza thelujini na kupiga shabaha, husogea hatua tatu ndani na sauti yake hushuka kama ya mtu aliye kanisani. Agneta wa mapokezi ndiye humsikiliza. "Ilianza na wanajeshi wa doria," humwambia. "Mbao miguuni, bunduki mgongoni, theluji kila mahali. Wanawake hawakuruhusiwa kuicheza Olimpiki mpaka mwaka wa tisini na mbili, dada." Kisha mchezaji akilenga shabaha, naye huacha kupumua.

Jumamosi moja, msichana aliyekuwa akiongoza mbio runingani alibakiza risasi moja kati ya tano, meneja akaja na rimoti mkononi. "Khalas, basi, wageni wanataka mpira."

Agneta hakuwahi kumsikia mlinzi akiomba kitu, hata ruhusa ya kukaa.

"Sir," alisema, "naomba risasi moja tu."

Meneja akamtazama, kidole kikiwa juu ya kitufe. Risasi ikatoka, ikakosa. Mlinzi akafumba macho.

"Sasa inakuwaje?" meneja akauliza.

"Anazunguka mita mia na hamsini za adhabu, Sir. Halafu anaendelea na mbio."

Meneja akavuta kiti, akaketi.