Mafundo Matano na Mpunga wa Mbegu

Dionisi hakupigana vita vya Maji Maji, na sababu yake ni kwamba mtumbwi wake ulikuwa unavuja. Wapo waliokuwa na sababu za heshima zaidi, lakini yeye alikuwa na hiyo tu. Mjumbe wa dawa alipofika kijijini kwao bondeni, upande wa Katindiuka, alimkuta amepiga magoti kwenye mchanga anaziba ufa kwa nyuzi za gome na utomvu. Akamweleza kwamba atakayekunywa maji ya dawa na kunyunyiziwa, risasi za Wajerumani zitamdondokea kama matone ya mvua. Dionisi akauliza kama dawa inafaa pia kwa viboko wa mtoni. Mjumbe akajibu, kwa ukali kidogo, kwamba hakutumwa kwa habari ya viboko.

"Basi ngoja kwanza nimalize hapa," alisema Dionisi.

Alipomaliza, wenzake walikuwa wamekwisha ondoka kwenda Mahenge, na wengi wao hawakurudi. Yeye akabaki na mtumbwi mkavu na jina jipya: Ngoja Kwanza. Hili la Dionisi alikuja kupewa na padri baadaye, kama walivyopewa majina yao wote mtakaokutana nao hapa. Tutawaita hivyo tangu sasa, maana padri naye hakuwauliza walikuwa wakiitwaje mwanzo.

Shemeji yake, Kelestini, kaka wa mkewe, alikuwa mtu wa namna nyingine kabisa. Yeye alikunywa maji, akapiga mbio mpaka mbele ya boma, akarudi na sikio la kushoto limetobolewa na risasi. Hakuilaumu dawa. Alisema ilikuwa dawa nzuri sana, ila aliyemnyunyizia alisimama upande wa kulia.

Serikali ilipoona kuua watu ni kazi ndefu, ikachoma maghala, ili njaa imalizie. Mvua za mwanzo wa mwaka 1907 zilipoanza, nyumba ya Dionisi ilikuwa imebakiwa na chungu kimoja cha mpunga, mdomo umezibwa kwa udongo. Huo ulikuwa mpunga wa mbegu. Ukipandwa, mwakani watu watakula. Ukitwangwa, watakula siku tatu, halafu mwakani hakuna cha kuzungumza. Verediana, mkewe Dionisi, alilala kichwa chake kikiwa karibu na chungu hicho. Mama yake Dionisi, bibi Justa, alilala akikitazama. Na watoto wawili walilala kwa sababu hawakuwa na nguvu ya kufanya jambo jingine.

Ardhi ilikuwa bado ngumu. Ilihitaji siku chache za mvua ndipo mbegu iingie. Ikaamuliwa kwamba wanaume waende mbali, kwenye mabwawa ya katikati ya bonde ambako samaki walikuwa hawajasumbuliwa tangu vita, wakae dagoni, kambi ya wavuvi, wavue, wakaushe kwa moshi, warudi na mzigo.

Kelestini alitaka waondoke asubuhi ileile. Dionisi alitumia siku mbili kujiandaa. Aliujaza mtumbwi maji, akakaa kuutazama unavujia wapi, akaumwaga, akaziba, akaujaza tena. Akachukua pondo mbili za kusukumia mtumbwi, kwa sababu mmoja huweza kunasa kwenye tope ukabaki huko wewe ukiondoka na mtumbwi. Akachukua kafi, kata ya kuchotea maji, na chungu cha makaa yaliyofukiwa kwenye majivu, maana moto ukizimika kwenye maji mengi hakuna jirani wa kumwomba. Akataja kwa majina vichuguu vitatu watakavyolala juu yake, vile vikubwa ambavyo mafuriko huvifanya visiwa, na kwa kila kimoja akamweleza mkewe njia ya kukifikia, ili kama ni kuja kuwatafuta, watafutwe walipo. Kelestini alikaa kivulini akasema kwamba hata Wajerumani walipokuja kuchukua nchi hawakujiandaa hivi.

Mwisho Dionisi akakata kamba mbili za urefu mmoja, akafunga mafundo matano kwenye kila moja. Moja akajifunga kiunoni, nyingine akampa Verediana. Kila asubuhi fundo moja lifunguliwe, huku na kule. Mafundo yakiisha na wao hawajaonekana, basi mto umewachukua. Awaambie majirani, na ule mpunga autwange watoto wasife.

Verediana akaipokea kamba kwa mikono miwili, na asubuhi hiyohiyo, mtumbwi ulipopotelea kwenye matete, akafungua fundo la kwanza.

Dionisi hakuliona hilo. Yeye alifungua fundo lake la kwanza asubuhi ya pili, alipoamka juu ya kichuguu. Mtu aliyejaza mtumbwi maji mara mbili kutafuta tundu hakukumbuka kuuliza kama siku ya kuondoka ni siku.

Safari yenyewe ilikwenda vizuri kiasi cha kuchosha. Kila walipokaribia kina, Dionisi aligonga ubavu wa mtumbwi kwa upondo, ili kiboko aliyelala chini ajue wanapita na achague upande wake. Walitega migono, mitego yao ya kusukwa, kwenye vijito vinavyoingia bwawani, wakapata perege, wakapata kambale wenye masharubu kama ya karani wa boma. Walijenga kichanja, wakakausha. Kelestini, aliyekuwa amesema atakufa kwa kuchoka kungoja, alinenepa kidogo mashavuni.

Asubuhi ya tano walikuwa na matita matatu ya samaki wakavu na mtumbwi uliozama mpaka karibu na ukingo. Walibakiza jambo moja tu, kuuvuka mto mkubwa. Usiku mvua ilikuwa imenyesha milimani. Maji yalikuwa mekundu, yanakwenda kwa haraka, yamebeba matawi na povu.

Kelestini akasema wavuke, jioni wawe nyumbani. Dionisi akafungua fundo lake la asubuhi, akatazama lililobaki, akasema maji yatatulia kesho.

"Shemeji, wale watoto ni wapwa zangu," alisema Kelestini. "Wanakula nini leo?"

"Na kesho watakula nini, samaki wakizama pamoja na sisi?"

"Mimi nimekimbilia bunduki, sembuse maji."

"Ndiyo, na upepo ukivuma sikio lako linapiga mluzi. Ngoja kwanza. Kamba bado ina fundo."

Kelestini alimtukana kwa muda mrefu, matusi mengine akiyatoa kwa Kipogoro kwa sababu Kindamba kilimwishia. Hata hivyo hakuwa na upondo mkononi. Dionisi alikuwa amezikalia pondo zote mbili. Jua lilipofika utosini, shina zima la mti lilipita katikati ya mto pamoja na mizizi yake, likijigeuza polepole kama mtu anayetafuta ubavu mzuri wa kulalia. Kelestini alilitazama mpaka likapotea. Kisha akaenda kuchochea moto.

Kesho yake maji yalikuwa yametulia. Dionisi akafungua fundo la mwisho, wakavuka wakigonga ubavu, na mchana wakafika. Alikuwa na furaha ya mtu ambaye hesabu yake imetimia bila kubaki wala kupungua.

Kinu kilikuwa katikati ya uwanja.

Bibi Justa alikuwa amekaa karibu nacho, mchi mapajani. Chungu cha mbegu kilikuwa mbele yake, na udongo wa mdomoni umebanduliwa upande mmoja. Verediana alikuwa amesimama baina ya chungu na mama mkwe wake, kamba mkononi. Dionisi akaangusha tita la samaki, akamwamkia mama yake shikamoo.

"Mkeo ni mwongo," alisema bibi Justa. "Nataka ulijue hilo kabla hujakaa."

Akaeleza. Mafundo yaliisha jana asubuhi. Yeye akalia kidogo kwa ajili ya mwanawe, kwa sababu ni wajibu, kisha akatoa kinu, kwa sababu wajukuu walikuwa wametafuna mizizi ya mayungiyungi siku nne. Verediana akamwambia hayajaisha, lipo moja. Akazunguka nyuma ya nyumba, akarudi na kamba yenye fundo. Bibi Justa si kipofu. Basi alikubali, akangoja mpaka leo asubuhi, akasema haya, lifungue. Na Verediana akajaribu, akasema halifunguki.

Dionisi aliitazama kamba yake kiunoni, nyoofu. Akaitazama ya mkewe.

"Leo ni ya tano," alisema taratibu. "Kamba yako ilitakiwa kuisha leo."

"Leo ni ya sita. Ulipoondoka nilifungua."

"Siku ya kuondoka si siku."

"Mlikuwepo nyumbani siku hiyo?" aliuliza Verediana. "Maana mimi nilipika sufuria ya maji matupu, na nyinyi sikuwaona."

Kelestini akaanza kuwagawia watoto perege.

"Na hili la sita?" aliuliza Dionisi.

"Nilijua utasema ngoja kwanza mahali fulani," alisema mkewe. "Nikalifunga, nikalikaza. Leo lilipotakiwa kufunguliwa vidole havikuwa na nguvu. Njaa, mume wangu."

Bibi Justa akacheka kwa kukoroma, akausukuma mchi pembeni, akaomba kichwa cha kambale. Jioni ile Dionisi aliuziba upya mdomo wa chungu, akakagua udongo mara mbili. Siku nne baadaye walipanda mpunga wote.

Aliishi miaka mingi akiwa mwoga mwenye afya. Padri alipokuja kumbatiza, Dionisi aliuliza maji haya nayo yanazuia nini. Akaambiwa ni kwa ajili ya roho. Akakubali, mtumbwi angeuangalia mwenyewe. Na wavuvi wa pale, hata waliokuwa wakimcheka, wakawa na desturi ya kuulizana na wake zao mtumbwi unaposukumwa: leo ni siku, au si siku? Jibu lolote lilifaa, ili mradi wote wawili walisikie.

Kamba ya Verediana ilitumika kila mwaka kufungia kifuniko cha chungu cha mbegu. Fundo lile halikufunguliwa. Dionisi alilijaribu mara moja, peke yake, akaona limefungwa legelege kabisa, hata mtoto angeweza. Hakulifungua, akalikaza.