Sukari ya Bwana Agronomu

Nilimuuza mama yangu kwa kipande cha sukari. Haya, nimesema! Msinionee huruma. Sikutishwa, sikupigwa. Niliulizwa swali nikajibu, kwa sababu nilitaka kuonekana mwenye akili.

Naandika kwa kuwa wazee wenzangu wamenichosha. Wakikaa msibani husifu enzi za Wabelgiji: barabara zilifagiliwa, nyumba zilipangwa mstari, watu walikuwa na adabu. Adabu! Kijiji chetu, upande wa Wamaza, kilifagiliwa kweli. Mama ndiye aliyekifagia, tena akiwa na mimba, huku kapita, mnyapara wa Wazungu, amemsimamia na kofia ya kizungu iliyomfunika masikio. Mtu wa kwetu kabisa huyo, lakini siku alipovaa ile kofia alisahau Kibangubangu.

Kila nyumba ililazimishwa kulima pamba. Pamba hailiwi! Ukiipalilia wewe, mpunga wako unakufa na njaa inaingia. Basi wanawake wakapatana. Kapita akishagawa mbegu, kila mmoja alizichemsha kidogo nyumbani, akazianika, kisha akazipanda kwa heshima zote mbele ya kapita huyohuyo. Hazikuota. "Udongo mubaya, Bwana," walisema, macho chini. Msimu uliofuata, hivyohivyo. Agronomu, yule Mzungu wa mashamba, akasema akikuta tena shamba tupu, atatuachia bonde letu tulime mpunga.

Akaja. Shamba lilikuwa tupu. Tulikuwa tumeshinda!

Mimi nilisoma misheni, msichana pekee wa kijiji chetu. Mwalimu alikuwa ametufundisha jinsi mbegu inavyoota, na kichwa kilikuwa kimenivimba. Agronomu akachimbua mbegu moja, akaigeuza kiganjani, akatuuliza sisi watoto:

"Nani iko na akili? Kwa nini hii haikuota?"

Wenzangu wakatazama miguu yao. Wajinga hawa, nikawaza. Nikanyoosha mkono kama darasani.

"Bwana, ile mbegu ilikufa. Ikiingia moto haiote tena. Mama aliipika mu nyungu."

Chungu cha mama yangu, nikakitaja kwa fahari!

"Ee! Mutoto uyu iko na akili sana!" kapita akapiga makofi. Agronomu akanipa kipande cha sukari. Nilikila chote palepale. Hata mdogo wangu sikumwonjesha.

Mke akikosa, mume ndiye aliyelipa. Baba alilazwa kifudifudi mbele ya nyumba ya kapita, akachapwa fimbo. Kapita alihesabu kwa Kifaransa ili agronomu amsikie. Alipofika mbali kidogo Kifaransa kikamwishia, akaanza upya kutoka moja. Na fimbo nazo zikaanza upya! Kisha baba akapelekwa gerezani Kabambare.

Baba alikuwa mkata ngazi, ile mikungu ya michikichi. Aliporudi, mgongo wake haukuweza tena kupanda mti. Bonde lote likawa pamba, nasi tukala muhogo na sombe ya majani yake, isiyo na mawese. Wanawake waliacha kuongea mtoni nikifika.

Mama hakunigusa. Jioni ile ya fimbo alipakua chakula, akaniita: "Madamu, kuya ukule."

Hivyo ndivyo walivyoitwa wake wa Wazungu. Nikacheka, nikidhani ni mzaha. Kesho yake: "Madamu, enda kuchota mayi."

"Mama, miye si Madamu."

"Weye njo nani basi? Bwana yako hajaleta sukari leo?"

Niliomba msamaha nikiwa mtoto, nikaomba nikiwa bibi harusi. Baba alinisamehe mapema, tena kwa mdomo wake. Mama alinilea, alinipikia, aliwabeba wanangu mgongoni, na bado nilikuwa Madamu. Siku ya kufa kwake alifungua macho akasema, "Madamu, mayi." Nikampa. Akanywa, akageukia ukutani.

Kwa hiyo wazee wenzangu, endeleeni kusifu barabara zenu zilizofagiliwa! Nanyi mnaojivunia watoto wenu kwa kujibu kila wanaloulizwa, wafundisheni kwanza kumtazama anayeuliza, ana nini mkononi. Mimi niliiona sukari tu. Fimbo ilikuwa palepale, kwapani mwa kapita, na kila mtoto mjinga pale aliiona.

Jina langu msilitafute. Alinipa mama, la mama yake mzazi, na tangu jioni ile hakulitamka tena.